Mkasi Ulioliona Paja: Udhibiti na Mabadiliko ya Betty Boop

Makala haya yalianzia darasani, wala si maktabani. Katika kozi yetu ya nadharia ya fasihi kuna juma moja tunalolitenga kwa mada ya udhibiti, na kwa miaka mingi nimeifundisha mada hiyo kwa mifano ambayo kila mhakiki wa Kenya anaijua. Humtaja Abdilatif Abdalla, aliyefungwa kuanzia 1969 hadi 1972 kwa ajili ya waraka wake wa "Kenya: Twendapi?", na ambaye mashairi aliyoyatunga gerezani yalichapishwa kwa jina la Sauti ya Dhiki. Humtaja pia Ngũgĩ wa Thiong'o, aliyewekwa kizuizini mwishoni mwa 1977 baada ya mchezo wa Ngaahika Ndeenda kusimamishwa kule Kamĩrĩĩthũ. Mifano hii ina uzito wake na sinuii kuiacha. Hata hivyo, ina upungufu mmoja: humfanya mwanafunzi aamini kwamba udhibiti ni polisi na mlango wa jela tu. Haimwonyeshi ule udhibiti mwingine wa kimya, ambao haumfungi mtu wala hauchomi kitabu, bali humwacha msanii aendelee na kazi yake huku ukimwongoza mkono polepole, hadi anachokichora leo kisifanane tena na alichokichora jana.

Ndipo nikaamua kuwaonyesha wanafunzi katuni. Nilichagua filamu fupi za Betty Boop, zile za zamani zisizo na rangi, kwa sababu mbili. Kwanza, badiliko lake linaonekana kwa macho. Hata mtu asiyejua neno la Kiingereza ataliona. Pili, katuni haina mwigizaji anayeweza kujikwaa mbele ya kamera. Kila kilichomo kimechorwa na mkono wa mtu, picha baada ya picha. Kwa hivyo kilichoingia kimeingizwa, na kilichotoka kimetolewa.

Kwa msomaji asiyemjua Betty, maelezo mafupi yatafaa. Aliumbwa katika studio ya ndugu wawili, Max na Dave Fleischer, mjini New York, akaonekana kwa mara ya kwanza mnamo Agosti 1930 katika filamu iitwayo Dizzy Dishes. Mchoraji aliyempa umbo ni Grim Natwick. Mwanzoni alikuwa kiumbe wa kati na kati, nusu msichana nusu mbwa, mwenye masikio marefu yanayoning'inia. Kufikia 1932 masikio yale yalikuwa yamegeuka hereni za duara, naye akawa mwanamke kamili: macho makubwa, nywele fupi zilizojikunja, gauni jeusi fupi lisilofunika mabega, na ukanda wa soksi uliofungwa pajani. Hakuwa mtoto wala mke wa mtu. Alikuwa mfano wa wale wasichana wa mijini wa Marekani wa miaka ya 1920 waliokata nywele, wakafupisha nguo na kuingia kwenye kumbi za muziki wa jazi bila kusindikizwa.

Ulimwengu aliowekwa ndani yake ulikuwa wa ajabu na wenye giza. Katika Minnie the Moocher ya 1932, Betty anagombezwa na wazazi wake mezani kwa kukataa chakula. Wazazi hao wanazungumza kwa lafudhi ya wahamiaji wa kutoka Ulaya. Tukumbuke kwamba Max Fleischer mwenyewe alizaliwa Kraków mwaka 1883 katika familia ya Kiyahudi na akapelekwa Marekani akiwa mtoto. Betty anatoroka nyumbani usiku pamoja na rafiki yake Bimbo, ambaye ni mbwa. Wanaingia pangoni, na humo wanakutana na mzimu wenye umbo la walrasi, yule mnyama wa bahari za barafu mwenye meno marefu kama pembe. Mzimu huo unaimba kwa sauti ya Cab Calloway, mwanamuziki mweusi mashuhuri wa New York, na unacheza kwa mwendo wa Calloway mwenyewe, kwa kuwa Max Fleischer alikuwa amebuni chombo cha kuifuatiza kwa kalamu filamu ya mtu halisi, picha moja moja. Hali ni hiyohiyo katika Snow-White ya 1933, filamu ambayo mwaka 1994 iliingizwa katika orodha ya taifa ya Marekani ya filamu zinazostahili kuhifadhiwa. Mhakiki wa fasihi simulizi hatashindwa kuitambua sura ya hadithi hizi. Ni ngano ya mwana mkaidi anayevuka mpaka wa kijiji, akakutana na zimwi, kisha akarudi mbio kwa mama yake.

Filamu iliyowagusa zaidi wanafunzi wangu, lakini, ni Boop-Oop-a-Doop, ya 1932 pia. Betty ni mfanyakazi wa sarakasi. Baada ya onyesho bosi wake anamfuata hemani, anampapasa miguu, na kumtishia kwamba asipomridhia atapoteza kazi. Betty anamsihi kwa wimbo asimnyang'anye kile ambacho wimbo unakiita kwa lile neno lake lisilo na maana, neno ambalo kila mtazamaji mzima analielewa. Koko, mcheshi wa sarakasi, anakuja kumwokoa. Darasani palitokea kicheko mwanzoni, kisha kicheko kikafifia. Mwanafunzi mmoja wa kike akasema, "Mwalimu, hii si katuni ya watoto. Hii ni habari ya ofisini." Alikuwa amesema kweli. Chini ya mzaha huo palikuwa na shtaka: mwanamke anayetafuta riziki, na mwanamume mwenye mamlaka juu ya riziki hiyo.

Sasa tuutazame mkasi wenyewe. Mwaka 1915 Mahakama Kuu ya Marekani iliamua kwamba filamu ni biashara tu, na kwa hivyo haiingii katika ulinzi wa uhuru wa kusema. Uamuzi huo haukutenguliwa na mwingine hadi 1952. Katika hali hiyo majimbo yalikuwa na bodi zao za kukagua filamu, na kila bodi ilikata ilichotaka. Wenye studio waliihofia hasara. Mnamo 1930 chama chao, chini ya Will Hays, kilipitisha Kanuni za Utengenezaji Filamu, zilizoandikwa na Martin Quigley, mchapishaji wa magazeti ya biashara ya filamu, pamoja na kasisi Daniel Lord. Kwa miaka minne kanuni hizo zilikaa kwenye karatasi zaidi kuliko kwenye vitendo. Kisha Wakatoliki wakatisha kuzisusia sinema, na kuanzia Julai 1934 ofisi iliyoongozwa na Joseph Breen ikapewa meno: filamu isiyo na cheti chake haikuweza kuonyeshwa katika sinema za kampuni wanachama, na aliyekiuka alikabiliwa na faini ya dola 25,000. Mpango huo ulidumu, kwa nguvu iliyozidi kupungua, hadi 1968.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mdhibiti huyu hakuwa serikali. Walikuwa wenye mali wenyewe, wakijikata kabla hawajakatwa.

Matokeo yake kwa Betty yalikuwa ya haraka. Gauni likashuka, mabega yakafunikwa, ukanda wa pajani ukatoweka. Bimbo akaondolewa, kisha Koko naye hakuonekana tena kando yake. Badala yao akaletewa kitoto cha mbwa kiitwacho Pudgy mwaka 1934, na mwaka uliofuata mzee mvumbuzi aitwaye Grampy. Pango likawa jikoni. Katika Housecleaning Blues ya 1937, Betty anaamka baada ya karamu na kuikuta nyumba imechafuka. Anahuzunika, na Grampy anatengeneza mitambo ya kuosha vyombo na kufagia. Filamu hiyo ina ufundi wake na hata inachekesha. Hata hivyo, shida ya Betty sasa ni sahani chafu. Hakuna tena bosi wa kumtishia, kwa kuwa hadithi ya bosi wa namna hiyo haikuweza kusimuliwa bila kuonyesha anachokitaka. Mkasi uliokata paja ulikata na ulimi. Kumkinga mwanamke asitazamwe kulikwenda sambamba na kumnyima nafasi ya kulalamika.

Mhakiki mwadilifu hana budi kuongeza tahadhari mbili. Ya kwanza ni kwamba Betty wa kabla ya 1934 hakuwa mwanamke huru. Alichorwa na wanaume kwa ajili ya macho ya wanaume, na mara nyingi upepo ulilipeperusha gauni lake bila sababu yoyote ya kisanaa. Ya pili ni kwamba udhibiti haukuwa nguvu pekee. Popeye, aliyetambulishwa mwaka 1933 ndani ya filamu ya Betty, alikuwa amependwa na umma mno, na studio zote zilikuwa zikitazama alichokifanya Disney. Vitu hivi vilisukumana. Lakini anayezitazama filamu za 1932 na za 1937 bega kwa bega hatakosa kuona alama za mkasi.

Hapo ndipo nilipokuwa nimepanga kulikomesha somo langu. Halikukoma hapo. Nilikuwa nimewaonyesha wanafunzi filamu moja zaidi ya 1932, niliyoichagua kwa sababu ya muziki wake tu. Ndani yake yumo Louis Armstrong na bendi yake. Betty, Bimbo na Koko wanasafiri katika kile kinachodhaniwa kuwa msitu wa Afrika. Watu weusi wenye midomo mikubwa na sketi za majani wanamteka Betty na kumpeleka kwenye chungu cha kupikia watu. Mmoja wa watu hao anawakimbiza Bimbo na Koko, kichwa chake kinatengana na mwili na kuelea angani, kisha kinageuka kuwa kichwa halisi cha Armstrong, kikiimba. Mwanamuziki mkubwa kuliko wote waliokuwemo katika filamu ile aliwekwa mdomoni mwa mla watu.

Nilikuwa nimejitayarisha kueleza mambo ya sauti na mdundo. Mwanafunzi mmoja akainua mkono na kuuliza swali fupi: "Mwalimu, na hili walilikata?"

Jibu ni hapana. Kanuni zilipoanza kutekelezwa hazikuiondoa sura hiyo ya mtu mweusi, ziliiacha iendelee. Katika Making Stars ya 1935, Betty, akiwa amevaa ipasavyo, anawatambulisha watoto wachanga wenye vipaji jukwaani. Watatu kati yao ni weusi, na wanavutwa na tikiti maji kama ilivyozoeleka katika mizaha ya Marekani ya kuwadharau watu weusi. Filamu ya mwisho ya studio ya Fleischer ambayo Betty anatokea, Rhythm on the Reservation ya 1939, inampeleka kwa wenyeji asilia wa Marekani, na kichekesho chake kinategemea kutojua kwao matumizi ya ala za muziki. Filamu zote mbili zilipita. Goti la Betty lilipimwa. Utu wa waliochekwa haukupimwa.

Wala tusiseme kwamba waandishi wa Kanuni hawakuwafikiria watu weusi. Waliwafikiria, lakini mahali pamoja hasa: walikataza kuonyeshwa mapenzi kati ya mtu mweusi na mtu mweupe. Kuhusu heshima, walikuwa na kipengele kilichotaka hisia za mataifa mengine zizingatiwe, na taifa lililozingatiwa lilikuwa lile lenye ubalozi na soko. Wala haiwezi kusemwa kwamba hapakuwa na aliyelalamika. Chama cha NAACP kilikuwa kimeipinga hadharani filamu ya The Birth of a Nation tangu 1915. Sauti ilikuwepo, iliyokosekana ni nafasi kwenye meza ambapo mkasi uliwekwa. Mdhibiti hukata kile kinachomwaibisha yeye mbele ya watu anaowaogopa. Maumivu ya asiyeogopwa hayamfikii, na kwa hivyo hayaonekani kwake kuwa uchafu. Wahenga walisema: mkuki kwa nguruwe, kwa binadamu mchungu.

Ningependa kuishia kwenye methali hiyo nikiwa nimesimama upande wa walioonewa. Sina haki hiyo, na sababu yake ndiyo iliyonifanya niandike makala haya.

Miaka kadhaa iliyopita mchapishaji mmoja aliniomba nitayarishe mkusanyiko wa ngano na nyimbo za pwani kwa matumizi ya shule za sekondari. Nilifurahi. Nilikuwa na kanda nilizorekodi wakati wa utafiti wangu wa uzamifu, sauti za wazee ambao wengi wao wametangulia mbele ya haki. Kabla mchapishaji hajaniambia lolote, nilichukua kalamu nyekundu na kupitia nyimbo za harusi. Nilifuta beti zilizotaja kiuno. Niliufuta ubeti mmoja ambamo somo anamwambia mwali, kwa fumbo lililo wazi, kwamba naye ana haki ya kufurahi. Nilijiambia kwamba hiki ni kitabu cha watoto, kwamba wazazi watalalamika, kwamba kamati haitakiidhinisha. Hakuna aliyenituma. Nilikuwa Breen na Fleischer katika kiti kimoja. Kisha nikapitia ngano, nikaiacha bila kugusa herufi ngano ya mtumwa mjinga anayeagizwa na bwana wake, akayaelewa maagizo upande upande, akapigwa, na wasikilizaji wakacheka. Katika kanda yangu kicheko hicho kinasikika. Na mimi nimo miongoni mwa wanaocheka.

Kitabu kilitoka na kikatumika. Mwaka uliopita, baada ya lile somo la katuni, mwanafunzi wa uzamili anayetoka pwani alibaki nyuma wenzake walipoondoka. Aliniambia kwa adabu kubwa kwamba alikisoma kitabu changu akiwa kidato cha pili. Nyanya yake mzaa baba, alisema, alitokana na watu walioletwa kutoka kusini, upande wa Nyasa, katika majahazi ya watumwa. Nyumbani kwao jambo hilo halikuwa likisemwa. Darasani mwalimu alipoisoma ngano ile wanafunzi walicheka, naye alicheka pamoja nao kwa nguvu, ili asije akatambulikana. "Nilikuwa nataka tu kukuuliza, Mwalimu," akasema, "ulipokuwa ukikisahihisha, hukuiona?"

Nilimjibu kwa ukweli kwamba sikuiona. Niliona viuno.

Ipo njia rahisi ya kuondokana na aibu hii, nayo ni kukata tena. Mwaka 1968, mwaka uleule Kanuni za Hays zilipoachwa, kampuni ya United Artists, iliyokuwa na haki za katuni za zamani za Warner Bros., iliziondoa kwenye televisheni katuni kumi na moja kwa sababu ya jinsi zilivyowachora watu weusi. Naelewa kwa nini. Hakuna mtoto mweusi aliyestahili kula chakula chake cha jioni mbele ya picha zile. Lakini kuziondoa kuna hasara yake, kwani baada ya miaka mingi mtu anaweza kudhani kwamba matusi yale hayakuwahi kuwapo, na kwamba waliochekwa walijitungia malalamiko. Mficha uchi hazai, nasi tunaoficha uchi wa jamii yetu hatutazaa uhakiki wenye manufaa. Hapa kwetu mjadala huu haujaisha. Mnamo 2017 bodi inayoainisha filamu nchini ilitangaza kupiga marufuku katuni kadhaa za watoto kwa madai ya kuendeleza ushoga, na magazeti yalijaa hoja za walioafiki na waliopinga. Mjadala ule ulihusu mwili na mapenzi tena. Ni nadra kwa bodi zetu, kamati zetu na sisi wahariri wa vitabu kuuliza ni mtoto gani darasani atakayelazimika kucheka ili asitambuliwe.

Nimemwandikia mchapishaji nikipendekeza toleo jipya. Nimependekeza ubeti wa somo urudi mahali pake, kwa kuwa ni hekima ya wanawake waliojua wanachokisema. Kuhusu ngano ya mtumwa, nimependekeza ibaki, lakini itanguliwe na maelezo ya nani aliisimulia, nani alikuwa akisikiliza, na nani hakuwa na idhini ya kusimulia ya kwake. Ziko pia maswali ya kujadiliwa. Nilipomwonyesha mwanafunzi yule rasimu, aliisoma yote, akanyamaza kwa muda, kisha akasema kwamba maelezo ni mazuri ila angependa kujua kitakachotokea mwalimu atakapokuwa na haraka na kuyaruka.

Sikuwa na jibu. Nimemwomba aandike maelezo hayo pamoja nami, kwa jina lake akipenda au bila jina. Bado anafikiria. Wakati huohuo kalamu nyekundu ipo mezani pangu, na kila ninapoishika najiuliza kwanza ni nani ninayemwogopa.